Kozi Tisa za Mheshimiwa Twiga

Mwaka ule wanyama wa kijiji kimoja upande wa Kongwa, mkoani Dodoma, walivuna kupita kiasi. Mtama uliitika, mahindi yaliitika, na karanga zilikuwa nyingi hata Ngedere wakaacha kuziiba, wakaanza kuziomba kwa adabu. Tabu ikawa pa kuweka. Vihenge vya zamani vilikuwa vimeliwa miguu, na msimu uliotangulia magunia yaliyopangwa kwenye sakafu ya udongo yalivuta unyevu kidogo kidogo, mpaka siku Mama Kanga alipofungua la kwanza akakuta mahindi yameshikana na kuota ukungu wa kijani. Hakuyala wala hakumuuzia jirani. Aliyachimbia shimo, akayafukia. Habari za sumukuvu alizijua, maana 2016 binadamu wa Dodoma na Manyara walizika ndugu zao kwa sababu ya nafaka ya namna hiyo.

Basi Kikundi cha Kanga kikapeleka ombi ofisini. Walitaka stoo ya futi 10 kwa 12 nyuma ya ofisi ya kijiji, bati juu, mlango mmoja, ila ikae juu ya msingi wa tofali ulioinuka.

"Hatuombi ghorofa," alisema Mama Kanga. "Tunaomba gunia lisiguse ardhi, na Panya asiguse gunia."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ngiri. Ngiri mnamjua. Anapokula hupiga magoti kwa unyenyekevu mkubwa, na anapokimbia husimamisha mkia wima kama mlingoti wa bendera. Kijiji kilimchagua kwa ajili ya yale magoti. Kikaja kutawaliwa na ule mkia. Alilisoma ombi, akalisifu, akasema jambo zuri namna hii halifai kufanywa haraka, lazima lipite kwenye mchakato.

Mchakato ulianza kwa kikao cha wadau. Wa kwanza kufika alikuwa Panya, akakaa mbele, daftari mkononi. Kanga mmoja akauliza Panya ni mdau wa nini. Kunguru, mtendaji wa kijiji, akafungua mwongozo akasoma: mdau ni yeyote anayeguswa na mradi. "Na katika kijiji hiki," akaongeza, "hakuna anayeguswa na nafaka kuliko Panya." Wajumbe wakaona hoja ina mantiki. Posho ikagawiwa, Panya naye akasaini.

Mtaalamu aliyeitwa ni Mzee Mchwa. Karibu naye aliketi Mhanga, mchimbaji wa kijiji, ambaye alikuwa akimeza mate kila mtaalamu alipofungua kinywa.

"Waheshimiwa," alisema Mzee Mchwa, "nimejenga maisha yangu yote na sijawahi kulipwa, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya. Binadamu huja kuchukua udongo wa vichuguu vyetu, wakafyatulia tofali na kusiliba sakafu, kwa kuwa wanajua sisi tumeshauchambua. Sasa sikilizeni habari ya udongo wenu. Hapo nyuma ya ofisi ni mfinyanzi. Kiangazi unapasuka, masika unavimba. Ukiweka nyumba juu yake, kila mwaka itapandishwa na kushushwa. Chimbeni hadi mkute ardhi ngumu. Hapo mtaikuta kwenye futi 2. Mwageni zege ndani ya mtaro, unene inchi 6. Halafu inueni tofali, kozi 4 kutoka usawa wa ardhi. Kozi moja ni inchi 9 pamoja na udongo wa kujengea, kwa hiyo kozi 4 zitawapa karibu mita 1. Panya akirukia kutoka chini hafiki."

Panya akaandika.

"Ndani jazeni changarawe au moramu, si huo mfinyanzi mtakaouchimbua. Msimwage kifusi chote kwa mara moja. Mwageni inchi 6, nyunyizeni maji, shindilieni. Kisha inchi 6 nyingine. Juu yake tandikeni nailoni nzito ndipo mmwage jamvi la zege. Zege lina vinyweleo. Bila nailoni, maji ya ardhini yatapanda ndani ya jamvi hadi kwenye gunia, na Mama huyu atachimba shimo jingine. Udongo wa kujengea ni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa toroli 3 za mchanga, basi. Na kila mlichojenga kimwagilieni maji siku 7. Watu husema zege linakauka. Zege halikauki, linaiva, tena linaendelea kuiva. Mafundi hulipima nguvu siku ya 28."

Akaeleza na habari ya nje. Ukuta upigwe lipu laini, kwa sababu tofali tupu lina mikwaruzo ya kushika kucha, na Panya hulipanda bila shida. Kwenye ukingo wa juu litembezwe bati lililotokeza nje na kuinama chini, kuuzunguka msingi wote.

"Bati hilo ni kwa ajili yetu sisi pia," alisema. "Sisi ni wezi wa mbao. Tukipanda ukutani hatupendi kuonekana, tunajenga vijia vya udongo tukapita humo hadi kwenye fremu ya mlango. Bati litatulazimisha kuzunguka kwa nje, na tukizunguka mtatuona, mtatufagia."

Ukumbi ukanyamaza. Si kila siku mwizi anakuja kikaoni kuonyesha mahali anapoingilia. Mzee Mchwa mwenyewe hakuona ajabu. "Mmeniuliza," alisema, "nimewajibu."

Panya akanyoosha mkono. "Nauliza kwa niaba ya wadau. Hiyo lipu ni ya lazima, au ni urembo?"

"Swali zuri sana," alisema Ngiri, ambaye alikuwa amechoka.

Ikaamuliwa, kwa lengo la kubana matumizi, kwamba lipu na bati vitasubiri awamu ya pili. Panya aliunga mkono hoja. Kwa kweli ndiye aliyepiga makofi peke yake, lakini alipiga kwa muda mrefu.

Mzee Kobe aliomba kuchangia. Akapewa dakika mbili, moja akaitumia kutoa kichwa. Katika ile iliyobaki alikumbusha mambo ya 1947, alipokuwa mtoto, walipofika hapohapo Kongwa Waingereza wa mradi wa karanga. Walikuja na matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mpango wao wote ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Huko London walikuwa wamekwisha kuhesabu mafuta ya kupikia yatakayotoka, kabla ya kuhesabu mvua za Kongwa. Kitu ambacho hawakukiuliza vya kutosha ni udongo. Jua lilipokolea udongo ukakaza, majembe yakavunjika juu yake, na karanga zilizoota zikabaki chini, hazichimbuliki. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kwamba mradi basi, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu.

"Ninachotaka kusema ni kwamba..." alisema Mzee Kobe.

"Tunashukuru kwa historia, Mzee wetu," alisema Ngiri. "Muda umetutupa mkono."

Mpaka hapa, mradi ulikuwa umepunguzwa lakini haujafa. Kozi 4 zisizo na lipu bado ni msingi. Lipu mtu anaweza kuipiga mwaka unaofuata, na bati vilevile. Kilichouua ni wazo la Kunguru. Alisema mradi usiozinduliwa haujulikani kwa wakubwa, na usiojulikana kwa wakubwa hauletewi mwingine. Aalikwe mgeni rasmi aje aweke jiwe la msingi. Jina lililotajwa likapita kwa vigelegele: Mheshimiwa Twiga.

Jibu la ofisi ya Mheshimiwa lilikuja kwa barua yenye muhuri. Mheshimiwa amekubali kwa moyo mkunjufu. Ila waandaaji wazingatie kwamba Mheshimiwa hainami hadharani. Na hilo halikuwa kiburi, ni maumbile: Twiga akitaka kufika chini hana budi kuitanua miguu ya mbele, na kiongozi aliyetanua miguu mbele ya wapiga picha hawezi tena kuhutubia juu ya uwajibikaji. Jiwe liwekwe mahali ambapo Mheshimiwa atalifikia akiwa amesimama.

Kima, fundi mkuu, akatumwa kwenda kupima mgunga ambao Twiga huchuma majani yake ya chini. Akarudi na hesabu: kozi 9.

"Kozi 9 ni zaidi ya mita 2," alisema Mama Kanga. "Sisi na magunia yetu tutapandaje huko?"

"Ngazi itakuja awamu ya pili," alisema Kunguru.

Mzee Mchwa naye akasimama tena, safari hii bila kuitwa. Alieleza kwamba kozi 9 zilizojazwa kifusi ndani haziitwi tena msingi wa stoo, zinakuwa ukuta wa kuzuia udongo, na ukuta wa kuzuia udongo una sheria zake. Kimo kikiongezeka mara mbili, nguvu ya kifusi kuusukuma ukuta nje inaongezeka mara nne. Tofali moja ya inchi 6 haiwezi. Itabidi ukuta uwe mnene zaidi, uwe na nondo, na uachiwe matundu ya kutolea maji upande wa chini, la sivyo mvua ikiingia ndani haina pa kutokea. Aliongea sana, kwa uchungu, mpaka sauti ikamkauka.

Katika muhtasari wa kikao Kunguru aliandika: Mtaalamu aliunga mkono.

Kazi ikaanza Oktoba. Mhanga alipewa mtaro kwa mkataba, malipo kwa mita. Hakuna anayechimba kumshinda Mhanga, lakini Mhanga hachimbi ili apate mtaro. Anachimba ili apate chakula. Penye mchwa alishuka futi 4, pasipo na mchwa alikwaruza nusu futi akaendelea. Mtaro ulifuata tumbo lake. Ulipokaguliwa, Ngiri aliutazama kwa juu, akauliza una urefu wa mita ngapi, akaambiwa, akasaini.

Saruji ilinunuliwa mifuko 20, na hiyo ingetosha kabisa kwa msingi wa stoo aliyoiomba Mama Kanga. Kwenye leja ya Nguchiro, mtunza stoo na fedha, iliingia mifuko 20. Kwenye eneo la ujenzi ilifika 14. Katika wiki hiyohiyo kibaraza cha Nguchiro kilipata sakafu mpya, inang'aa hata kuku wa jirani wakawa wanajitazama humo. Watu waliikanyaga, wakaisifu, wakanywa chai juu yake. Sijasikia aliyeuliza.

Kima alikuwa fundi mzuri, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye lawama zote zilimwangukia yeye. Kona alizipima kwa kamba, futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, kisha akahakikisha mshazari ni futi 5 kamili. Levo aliichukua kwa mpira wa maji. Timazi aliitundika kila kozi. Kwa jicho kazi ilikuwa imenyooka, mpita njia yeyote angesema hapa pana fundi. Ubovu wake haukuwa mahali panapopimwa kwa kamba.

"Saruji haitoshi," alimwambia Nguchiro walipofika kozi ya 3.

"Wewe umeajiriwa kuhesabu kozi au mifuko?"

"Mzee Mchwa alisema toroli 3 kwa mfuko."

"Mzee Mchwa alikuwa anasemea kozi 4. Hizi ni 9. Piga hesabu, fundi, wewe msomi."

Kima akapiga hesabu. Mfuko mmoja ukachanganywa na toroli 5, kisha 6, na kufika kozi ya 7 ukawa unameza toroli 7. Tofali nazo zilikuwa zimeisha. Za nyongeza zikafyatuliwa hapohapo nyuma ya ofisi, kwa mchanganyiko ambao hata Kima hakutaka kuutazama, zikaanikwa juani siku mbili bila tone la maji, zikapandishwa ukutani zingali zinaacha unga mkononi. Kifusi? Moramu ilikuwa mbali na toroli la kijiji lilikuwa kibarazani kwa Nguchiro, kwa hiyo wakarudisha mfinyanzi uleule wa mtaroni, wakautupia ndani kwa koleo mpaka ukajaa. Hakuna aliyeshindilia. Nailoni iliyonunuliwa kwa ajili ya jamvi ilionekana inafaa zaidi kuezekea jukwaa la wageni, endapo mvua ya kwanza ingewahi.

Jiwe lenyewe la msingi liliagizwa mjini. Lilikuwa la marumaru, limechongwa jina kwa herufi za dhahabu, na bei yake ilikuwa sawa na bei ya mifuko 8 ya saruji. Siku moja kabla ya sherehe Nguchiro alimwita Kima pembeni.

"Jiwe likidondoka mbele ya Mheshimiwa, fundi ni wewe."

Kima aliyaelewa maneno hayo. Alikuwa amebakiza saruji kidogo, ameificha chini ya gunia tupu. Akachekecha mchanga safi, akachanganya moja kwa tatu, akalijenga jiwe lile kwa mkono ule aliofundishwa na baba yake. Kwenye msingi mzima wa kozi 9, hapo tu nyuma ya jina la Mheshimiwa ndipo palipokuwa na saruji ya kutosha. Nafasi ndogo iliachwa ili mgeni rasmi aje apake mwiko mmoja wa mwisho.

Sherehe ilifanyika Novemba, kabla mvua hazijaanza. Jamvi lilikuwa na siku tatu tangu limwagwe na lilikuwa linalilia maji, lakini maji yote ya kisima yalielekezwa uwanjani kutuliza vumbi lisimfikie Mheshimiwa. Vijana walimwagilia ardhi asubuhi hadi saa nne. Sijapata kuona udongo uliotunzwa vizuri namna ile.

Mheshimiwa Twiga alifika, akasimama, akasalimia "Mbukwenyi!" na umati ukalipuka, maana mkubwa akikusalimia kwa lugha ya nyumbani unasahau ulichotaka kumuuliza. Alipaka mwiko wake akiwa amesimama wima, kamera zikafanya kazi yake. Alisema ameridhishwa na thamani ya fedha. Alisema kutoka pale alipo anaona mbali, anaona mpaka Mpwapwa, na kijiji hiki kina dira. Hakutazama chini hata mara moja, na simlaumu, kwa sababu chini hakuna mtu aliyekuwa anamwonyesha. Kisha akainua gunia moja la mahindi ya Mama Kanga, akaliweka juu ya jamvi kama ishara ya kufungua stoo. Kuta na paa vingefuata. Wali ukapakuliwa.

Wageni walipoondoka, Kanga walibaki wamesimama chini ya msingi na magunia yao. Ngazi hapakuwa. Wakafanya walichoweza: wakayapanga magunia chini, yakiegemea ukuta upande wa kivuli, wakayafunika turubai. Juu lilibaki gunia moja, lile la Mheshimiwa. Usiku uleule Panya alipanda. Hakuhitaji ngazi, tofali zilikuwa tupu zimejaa mikwaruzo, kama ilivyoandikwa kwenye daftari lake. Hadi mwisho wa wiki lile gunia la picha lilikuwa limebaki gunia.

Mvua ziliingia Desemba. Mfinyanzi uliojazwa ndani, ambao haukushindiliwa wala kuachiwa pa kutolea maji, ulikunywa ukavimba. Baada ya siku chache ukuta wa mashariki ulianza kufanya tumbo. Kisha ukatokea ufa, ukaanzia kona ya chini ukapanda kwa kufuata maungio ya tofali, hatua kwa hatua, kulia na juu, kulia na juu, hadi kozi ya mwisho. Mafundi huuita ufa wa ngazi. Mama Kanga aliutazama akasema angalau ngazi imeletwa.

Ukuta ulianguka usiku. Hakuumia mtu, lakini magunia yaliyopangwa upande ule yalizikwa na tope. Asubuhi watoto waliokota vipande vya udongo wa kujengea wakawa wanavisaga kwa vidole, mchanga unamwagika. Jamvi lilikuwa limekatika vipande vitatu. Kona moja tu ilibaki imesimama, ile yenye jiwe. Ngiri, kwa aibu, aliagiza jiwe litolewe likafichwe mpaka hali itulie. Kima alipiga nyundo tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpini ukavunjika, jiwe halikutikisika. Jina la Mheshimiwa lilikuwa linasomeka kutoka barabarani vizuri kuliko siku ya sherehe, kwa vile hakukuwa tena na ukuta wa kulizuia.

Kikao cha dharura kiliitwa. Ngiri alisema mvua za mwaka huu si za kawaida. Kwa hakika zilikuwa za kawaida kabisa. Kongwa mvua huanza Desemba na zimeanza Desemba tangu Kobe akiwa yai. Nguchiro alisema fundi ndiye aliyechanganya. Kima alisema aliambiwa apige hesabu. Kunguru, aliyekuwa ametulia kuliko wote, alifungua muhtasari akasoma: Mtaalamu aliunga mkono. Basi ikaonekana wazi kwamba kosa ni la kitaalamu. Ikaandikwa barua ya kumtaka Mzee Mchwa ajieleze ndani ya siku 14, na Mhanga akapewa aipeleke.

Mhanga alirudi jioni akijilamba. Barua haijajibiwa hadi leo.

Mama Kanga hakukaa kusubiri awamu ya pili. Aliuza karanga alizobakiza, akaenda kichuguu kilekile, akawakuta wana wa marehemu wanaziba tundu alilopitia Mhanga. Akawauliza. Wakamwambia yaleyale, tena bila kinyongo. Kibanda chake kipo nyuma ya nyumba yake, futi 6 kwa 8 kwa sababu ndicho alichoweza. Mtaro umefika ardhi ngumu pande zote nne, aliupima kwa kijiti kimoja. Kozi 4, moramu imeshindiliwa, nailoni ipo chini ya jamvi, lipu laini, bati ukingoni. Kima ndiye aliyemjengea, kwa toroli 3 kwa mfuko, na kila jioni siku zote saba Kanga walikuja wakipokezana ndoo. Ndani magunia yamekaa juu ya chaga, hayagusi ukuta. Kabla ya kuyaingiza, Mama Kanga alitia punje kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi yanarudi juani, na isipogandia yanafungwa. Kijia kimoja cha udongo kiliwahi kuonekana kikizunguka lile bati. Akakifagia. Wana wa Mchwa hawakulalamika.

Ofisi ya kijiji imemwandikia barua mbili. Ya kwanza inamtaka aonyeshe kibali cha ujenzi. Ya pili inamtaka aeleze kwa nini jengo halina jiwe la msingi.

Na ule msingi mkubwa? Umetengewa fungu la ukarabati. Imeazimiwa kwamba kozi 9 zirudishwe zilezile, ili zilingane na jiwe, ambalo haliwezi kushushwa kwa heshima ya aliyeliweka. Kamati ya kusimamia kazi hiyo imeshaundwa na posho ya kikao cha kwanza imeshalipwa. Nafasi ya mwenyekiti ilimtaka mjumbe mwenye uzoefu wa nafaka, aliyehudhuria vikao vyote tangu mwanzo na mwenye kumbukumbu zake za maandishi. Aliyejitokeza ni Panya, na alipita bila kupingwa.